Matege ya mbwa yasingoje mbwa akue

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowapita wafugaji wengi wa mbwa. Mtoto wa mbwa huanguka kutoka mahali pa juu, au hukanyagwa, akachechemea siku mbili tatu kisha akarudia kukimbia, na mwenyewe akashukuru kwamba yamekwisha. Majuma kadhaa baadaye mguu wa mbele huanza kupinda na wayo ukatazama nje, na ukiuliza utaambiwa kwamba mnyama alizaliwa na matege. Mimi ni daktari wa mifugo, na naona jibu hilo huwadhuru mbwa kuliko ajali yenyewe, kwa kuwa huwapotezea muda ambao tiba bado ni nyepesi.

Kigasha cha mbwa kina mifupa miwili, radiasi na alna, ambayo haina budi kurefuka kwa mwendo mmoja. Mifupa hii hurefukia kwenye matabaka ya gegedu, yaani tishu laini ambayo baadaye hugeuka mfupa, yaliyo karibu na ncha zake, na alna hupata takriban asilimia 85 ya urefu wake kutoka tabaka moja tu, lile la chini karibu na kifundo. Kwa mbwa, tabaka hilo lina umbo la pia, hivyo nguvu ambayo katika mfupa mwingine ingelisukuma kando, hapa huligandamiza hadi chembe za ukuaji zikafa. Alna ikishasimama, radiasi huendelea kukua huku imefungamana na mwenzake aliye mfupi, ikapinda kama upinde uliovutwa na uzi wake. Hata hivyo, sura ya mguu si jambo kubwa kuliko yote. Kiwiko ndicho cha kuhofiwa, kwani mifupa yake huachana kidogo kidogo, na kiwiko kilichokwisha kuharibika humwachia mbwa baridi yabisi ya maisha hata kama mguu utanyooshwa baadaye.

Tatizo la uchunguzi ni kwamba picha ya eksirei ya siku ya ajali huweza kuonyesha mfupa mzima kabisa, maana gegedu lililogandamizwa halionekani. Dalili hujitokeza baada ya majuma mawili hadi manne, na kwa hiyo picha ya pili ni ya lazima hata kama mbwa anacheza vizuri. Miguu yote miwili ya mbele ipigwe picha, ulioumia na mzima, kwa mbele na kwa ubavu, kiwiko na kifundo vikionekana katika picha moja. Bila mguu mzima wa kulinganisha, vipimo vya pembe ya mpindo ni kubahatisha.

Tatizo likigunduliwa mbwa akiwa bado anakua, daktari wa upasuaji huondoa kipande cha alna na kujaza pengo kwa mafuta ya mbwa mwenyewe ili ncha zisiungane upesi. Radiasi ikishafunguliwa hivyo, huweza kujinyoosha kwa kiasi kadiri inavyokua. Mbwa akishakomaa, jambo ambalo kwa wengi hutimia kabla ya mwaka mmoja na kwa mbegu kubwa huchelewa zaidi, nafasi hiyo haipo tena. Hapo hubaki kuukata mfupa wenyewe kwa vipimo, kuupanga upya na kuushika kwa bamba na skrubu, au kwa fremu ya pete iliyobuniwa na Gavriil Ilizarov, daktari wa Urusi, ambayo huweza pia kuurefusha mfupa kwa takriban milimita 1 kwa siku. Ni kazi nzuri ikifanywa na mjuzi, lakini uuguzi wake ni mrefu.

Sikatai kwamba yapo matege ya kuzaliwa. Mbwa wa mbegu za Dachshund na Basset Hound wana miguu mifupi iliyopinda kwa urithi, na mwaka 2009 watafiti walieleza kwamba chanzo chake ni nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4. Hao hutibiwa tu wakichechemea au wakiumia. Yapo pia matege ya chakula. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu hukosa kalisi na mifupa yake hulegea, ilhali yule wa mbegu kubwa anayeongezewa unga wa kalisi juu ya chakula kilichokamilika hudhurika vilevile, kwa sababu utumbo wake mchanga hauwezi kuikataa kalisi iliyozidi.

Kuhusu desturi ya kuufunga mguu uliopinda kwa vijiti au plasta ili unyooke, naomba iachwe. Banzi haliwezi kuirefusha alna iliyokoma kukua. Litachubua ngozi, litadhoofisha misuli, na litaficha mpindo unaoendelea chini yake. Dawa za maumivu za binadamu nazo zisiguswe, kwani ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na mbwa aliyekwisha kunyweshwa huweza kulazimika kuahirishiwa upasuaji aliokuwa akiuhitaji.

Wako,
Daktari wa mifugo