Huduma haichaguliwi na mtoaji

Ndugu Mhariri,

Nimefuatilia katika ukurasa huu mjadala kuhusu nafasi ya jumuiya za dini wakati wa magonjwa ya mlipuko, na nimeona kwamba sisi Wahindu wa Afrika Mashariki tunatajwa kila mara kwa jambo moja tu, nalo ni kugawa vyakula. Tunashukuru kwa kutajwa. Hata hivyo, naomba nafasi nieleze kwamba mafundisho yetu kuhusu seva, yaani huduma, yanatudai jambo gumu zaidi kuliko unga na mafuta ya kupikia, na kwamba jambo hilo mara nyingi tunalikwepa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulipokuwa umepamba moto, mimi na wenzangu wa kamati ya misaada tulikwenda katika mtaa mmoja wa bondeni tukiwa na masufuria manne ya khichdi, ule mchele unaopikwa pamoja na choroko mpaka ukalainika, tukiwa tumevaa fulana za rangi moja, tumebeba bango, na nyuma yetu kijana mwenye kamera. Bwana afya aliyekuwa zamu alitusalimia kwa adabu, akafunua sufuria la kwanza, akauliza, "Wazee wangu, maji ya kupikia mmechota wapi? Na sahani hizi zitaoshewa wapi?" Tukatazamana. Akasema kwamba chakula kilichopikwa kwingine hawezi kukiruhusu, na kwamba alichopungukiwa ni watu, kwa kuwa alikuwa na ndoo za maji ya klorini karibu na vyoo vya mtaa mzima lakini hakuwa na mtu wa kukaa penye ndoo na kuhakikisha kwamba kila anayetoka ananawa. Aliomba wawili tu, wakae mpaka magharibi. Wawili wakabaki. Mimi sikuwa mmoja wao; nilirudi na masufuria.

Njiani nilikuwa na hasira na yule kijana wa serikali. Ilinichukua muda kutambua kwamba alichotuambia kimo ndani ya Bhagavad Gita, kitabu ambacho wengi wetu tunakiimba tangu utotoni. Sura ya 17 inagawanya utoaji katika mafungu matatu. La juu ni la anayetoa kwa sababu kutoa ni wajibu, mahali panapofaa, kwa wakati unaofaa, kwa anayestahili, bila kutarajia kurudishiwa. La kati ni la anayetoa kwa kutazamia malipo au faida. La chini kabisa ni la kinachotolewa mahali na wakati visivyofaa, au kwa dharau. Ndugu Mhariri, chakula kilichopikwa, kikapelekwa katika mtaa wenye kipindupindu na watu ambao hawakuuliza lolote kuhusu maji, kimekosa mahali na kimekosa wakati, hata kama waliokipika waliamka saa tisa usiku kwa moyo safi. Kijana mwenye kamera naye alituweka katika fungu la kati.

Ubeti unaojulikana zaidi, wa 47 katika sura ya pili, unasema kwamba haki ya mtu iko katika kutenda, haiko katika matunda ya tendo, na papo hapo unamkataza kushikamana na kutotenda. Nimesikia ubeti huu ukitumiwa kama kinga: tumekwisha kutoa, matokeo tumwachie Mungu. Anayesema hivyo hajasoma beti tatu mbele, ambako yoga, yaani njia ya kuungana na Mungu, inaelezwa kuwa ni ustadi katika matendo. Tunda ambalo mhudumu anatakiwa kuliachilia ni sifa, shukrani na jina lake kwenye bango. Hakuna mahali alipoambiwa aache kuuliza kama mgonjwa amepona.

Wapo waliokwisha kuyatenda haya kabla yetu. Tauni ilipotisha mji wa Kolkata, India, mwaka 1898, watu walikuwa wakiukimbia mji, na walichokimbia zaidi ya ugonjwa ni uvumi kwamba serikali ya Waingereza ingewachanja kwa nguvu. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka uliotangulia, huko Pune, askari walikuwa wameingia majumbani kusaka wagonjwa, na ghadhabu ya wenyeji ikaishia kwa kuuawa ofisa aliyesimamia msako huo. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu ambaye shirika lake la huduma, Misheni ya Ramakrishna, lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, alitoa tangazo la kuwagawia watu. Aliwahimiza wasisikilize uvumi, akawahakikishia kwamba hatachanjwa asiyetaka, akawaagiza wasafishe nyumba, nguo, vitanda na mifereji, na wasile vyakula vilivyochacha. Katika tangazo hilo hilo alisema kwamba kufa katika kuwauguza kungekuwa bahati, kwa kuwa kila mmoja wao ni sura ya Mungu. Napenda kwamba hakuishia kwenye maneno hayo makubwa: mifereji nayo aliitaja. Fedha zilipoulizwa, alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Belur kilichokuwa kimetoka kununuliwa kwa ajili ya nyumba ya watawa.

Mwaka uliofuata tauni ilirudi, na kazi ya kusafisha vichochoro vya Bagbazar, mtaa wa Kolkata, ikaangukia kwa mtawa mwenzake, Swami Sadananda, pamoja na Sister Nivedita, mwanamke wa Ireland aliyekuwa mfuasi wa Vivekananda. Nivedita alipokosa watu wa kutosha, alishika ufagio mwenyewe barabarani, na vijana wa mtaa wakaona haya wakamfuata. Daktari R. G. Kar alieleza jinsi alivyomkuta ndani ya kibanda chenye unyevu akiwa amempakata mtoto mwenye tauni, na jinsi alivyozipaka chokaa kuta za kibanda hicho kwa mikono yake. Mtoto yule hakupona.

Aibu ya vijana hao haikutokana na jinsia ya mfagiaji peke yake. Ufagio, katika jamii yetu, ulikuwa umekabidhiwa tabaka fulani la watu ambao wengine hawakutaka hata kuguswa na vivuli vyao, na tulifanya hivyo huku tukisoma vitabu hivi hivi vinavyosema kwamba Mungu yumo ndani ya kila kiumbe. Ningekuwa mwongo kama ningeandika kuhusu seva nikaliruka hilo. Hata katika jiko la hekalu letu leo, wa kugawa chakula hawakosekani. Wa kuosha vyoo tunaajiri.

Mfano mwingine ni wa bara letu. Mwezi Machi 1904 tauni ya mapafu ilizuka miongoni mwa Wahindi waliofanya kazi katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, na wagonjwa 23 wakaletwa jioni moja katika mtaa wao. Mohandas Gandhi na Daktari William Godfrey waliwauguza usiku kucha katika nyumba tupu iliyovunjwa kufuli. Karibu wote walifariki, pamoja na muuguzi aliyeletwa kusaidia, na baadaye mtaa ule ukateketezwa kwa moto. (Nairobi ilikwisha kuuchoma mtaa wake wa Wahindi kwa sababu ya tauni mwaka 1902.) Gandhi aliwafunga wagonjwa watatu vitambaa vya udongo uliolowana, wawili wakapona, na wapo wanaoisimulia habari hiyo mpaka leo kama ushahidi wa tiba. Wagonjwa watatu hawathibitishi dawa yoyote. Ninachokistahi katika habari ile ni usiku wenyewe, kulisha, kusafisha na kutokimbia, na nisingependa hekalu lolote lihubiri udongo mahali ambapo mgonjwa anahitaji dripu au chanjo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kamati zetu, kabla ya kununua hata kilo moja ya mchele, ziende kwa mtendaji wa kata na bwana afya ziulize kinachopungua, na jibu likiwa ni watu wa kumwaga maji ya klorini na kubeba wagonjwa, zipeleke watu hao. Ombi la pili ni lako, Ndugu Mhariri: tukikuletea picha za mama aliyepanga foleni akipokea mfuko wetu, usizichapishe.

Masika yanakaribia. Tumeanza kuandika majina ya walio tayari kukaa penye ndoo, na hadi jana tulikuwa tumepata 17, jina langu likiwemo safari hii. Masufuria tumeyaazimisha kwenye harusi.

Wako katika huduma,
Mjumbe wa kamati ya misaada,
Upanga, Dar es Salaam