Ligi ya wanawake Marekani nayo ipewe nafasi

Mhariri,

Msimu wa 2026 wa NWSL, ligi kuu ya soka ya wanawake Marekani, u mlangoni, lakini kurasa zenu za michezo zimejaa tetesi za usajili wa wanaume. Kulikoni?

Mwaka 2024 Temwa Chawinga wa Malawi aliifungia Kansas City Current mabao 20, rekodi ya msimu mmoja. Mwaka huohuo Barbra Banda wa Zambia aliingia kutokea kulia, akamlamba chenga beki, akaachia shuti la mguu wa kushoto: bao pekee la fainali, Orlando Pride bingwa. Hao ni wetu, jamani!

Sasa Boston na Denver zinaongezwa, timu zinafika 16. Tupeni ratiba na msimamo, hata robo ukurasa.

Msomaji wenu