Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: mwalimu afunzwe kuongoza kabla ya kupewa ofisi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Tororo, mashariki mwa Uganda, ninakofundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Naandika kwa niaba ya walimu wasio na cheo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umewatwika kazi ambayo mwalimu mkuu peke yake haiwezi. Kazi za mwanafunzi shuleni sasa zinachangia asilimia 20 ya matokeo yake ya mwisho, na mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB) asilimia 80. Hizo 20 zinatoka mikononi mwetu. Walimu watatu wa somo moja wasipokaa wakakubaliana kazi nzuri ni ipi, mtoto wa mkondo mmoja ataonewa na wa mkondo mwingine atapendelewa. Kuwakalisha hao watatu, kumsikiliza mkongwe anayeona miradi inapoteza muda, kumwambia kijana aliyetoka chuoni juzi kwamba alama zake ni za huruma bila kumvunja moyo: huo ni uongozi, na sijaona ukifundishwa popote nilipopita.

Mwalimu hupata barua ya unaibu wa mwalimu mkuu akiwa hajawahi kupanga bajeti ya idara wala kuendesha kikao. Alifundisha vizuri, basi kakabidhiwa shule. Wapo wanaofaulu. Wengine huongoza kwa vitisho, maana ndivyo nao walivyoongozwa, na walimu wazuri huanza kuomba uhamisho.

Sisi wa Kiswahili tunalijua hili kwa karibu. Somo ni la lazima Kidato cha 1 na cha 2, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi, lakini shule nyingi zina mwalimu mmoja tu wa somo hili. Ndiye idara, ndiye mkuu wa idara. Hana wa kumtazamia maandalio ya somo. Baadhi yetu wa shule jirani tumeanza kukutana Jumamosi, uenyekiti ukizunguka. Mwenzetu mmoja, mkimya kupita kiasi, ndiye sasa tunayemtuma kwa wakuu wa shule vitabu vinapokosekana. Hakuna aliyemfundisha ila kile kiti.

Naomba, Mheshimiwa, mkuu wa idara apunguziwe vipindi apate kuingia madarasani mwa wenzake. Ukuu wa idara uende kwa zamu, na walimu wanawake wapewe nafasi hiyo mapema, wasisubiri hadi wakaribie kustaafu. Na Tume ya Utumishi wa Elimu inapowahoji wanaotaka unaibu, iwaulize wamewakuza walimu gani, kisha iwasikilize walimu hao.

Mengi ya haya hayadai jengo wala gari. Vipindi vitakavyopunguzwa, hata hivyo, vitadai mtu wa kuvifundisha. Hapo shule haziwezi peke yake, ndiyo sababu nimekuandikia wewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Tororo