Barua kwa mwanangu: itoe kwanza ile diski

Mwanangu Idrisa,

Asalaam aleykum warahmatullah. Sisi huku Ngamiani, Tanga, hatujambo, mvua imetukwamisha mengi lakini tunashukuru. Hii nimeiandika kwa mkono, Mwanaidi ataipiga kwenye simu akutumie. Sikutaka kutuma sauti, maana sauti zangu unazisikiliza ukiwa kazini, unaruka mbele, kisha unajibu "sawa mama". Hii isome yote, tena ukiwa umekaa.

Ni habari ya ile mashine yako ya kukodishia DVD. Juzi mtoto wa mjomba wako alinisomea kwamba mwaka 2024 kuna fundi huko huko Marekani alifungua diski ya mashine ya kampuni ya Redbox kama yako, ile diski ya ndani inayotunza kumbukumbu, si ya filamu, akakuta kumbukumbu za miamala zaidi ya 2,000 ya watu waliokodi picha, nyingine za tangu mwaka 2015. Barua pepe zao zimo, filamu walizokodi zimo, na hata tarakimu za kadi za benki, zile za mwanzo na zile za mwisho. Mashine yenyewe ilikuwa ya Morganton, hapo hapo North Carolina unapoishi. Nikamwambia hebu soma tena. Akasoma tena.

Na wewe Jumamosi unaipakia yako kwenye trela kumpelekea mnunuzi Knoxville, kule Tennessee. Idrisa, itoe ile diski kwanza.

Najua habari hii kwako si mpya. Mwezi uliopita ulinieleza mwenyewe kwamba umeona ndani barua pepe za watu, na kwamba kuna mtu alikodi katuni moja mara kumi na moja. Ulicheka. Mimi sikucheka, lakini sikusema kitu, na ningesema siku ile ile leo nisingekuwa naandika na taa ya simu.

Usidhani naidharau kazi yako. Siku uliyonipigia video mlango wa mashine ukiwa wazi nilimwita Bi Zuhura wa jirani aje aone. Lile gurudumu refu limepangwa kasha nyembamba pande zote, unasema linabeba zaidi ya 600, likazunguka taratibu likasimama. Mkono ukapanda, ukatulia mbele ya tundu moja kama mtu anayesoma jina, ukachomoa kasha ukalipeleka mdomoni pa mashine. Bi Zuhura akasema subhanallah. Halafu ukatuonyesha mkanda wa mpira ulioubadilisha, ule wa zamani umekauka mpaka ukiukunja unakatika, na jicho linalosoma msimbo ulivyokuwa unalifuta kwa pamba na spiriti. Ulikuwa unafuta upande mmoja tu, bila kurudisha pamba nyuma, na kila ukifuta unageuza pamba. Hivyo ndivyo baba yako alivyokuwa akifuta hedi ya deki ya video, Mungu amrehemu. Hukuyatoa hayo kwenye video za mtandaoni.

Niliposema kwenye kundi la familia kwamba nimesomesha mtoto akaenda Marekani kuokota vyuma chakavu, nilikuwa sijaiona ikitembea. Shangazi yako ameniambia tangu siku ile huandiki kundini. Mimi pia nimeona kwamba huandiki.

Karatasi ya duka ya kukuruhusu kuichukua mashine unayo, nimeiona, ina sahihi, hilo limekwisha. Nilikuwa na hofu nayo hapo mwanzo kwa sababu nilisikia watu wanazibeba tu. Sasa nimeelewa jinsi mambo yalivyokwenda: kampuni yenye Redbox ilikwenda mahakamani Juni 2024 kwa madeni, Julai ikaamuliwa ifungwe na mali iuzwe, na mashine karibu 24,000 zikabaki zimesimama milangoni kwa maduka ya watu, nyingine bado zinawaka. Mtoto wa mjomba wako alisoma kwamba maduka ya dawa ya Walgreens peke yao walikuwa na mashine kama 5,400 na umeme wake unawala dola 184,000 kwa mwezi. Nikapiga hesabu, ni kama dola 34 kwa kila mashine. LUKU ya nyumba hii miezi mingapi hiyo! Ndiyo maana wenye maduka wanafurahi ukija na trela. Lakini mwenye duka amekupa sanduku, na vyuma, na skrini. Majina ya watu hakukupa, kwa sababu hata yeye hayakuwa yake.

Hapo ndipo penye moyo wangu wote.

Ile biashara si ngeni kwangu. Redbox walianza mwaka 2002 kwa fedha za McDonald's, wakawa wanakodisha dola moja kwa usiku mmoja, na wewe ulipoanza kunielezea ukasema "mama, ni duka letu lile lakini halina mtu", yaani lile letu la kukodisha kanda za video. Umesema kweli. Na duka lisilo na mtu bado lina daftari. Sisi letu lilikuwa la kurasa 200, lile la jalada gumu jeusi, na unakumbuka mistari nilivyoipiga kwa rula, sina haja ya kukueleza. Jina, namba ya kanda, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, deni. Mashine yako imeandika mambo yale yale, tofauti yake ni kwamba yenyewe haikusahau hata siku moja.

Sasa nikueleze jambo la daftari.

Wewe unajua kwamba mwaka 2006, tulipouza kaunta na rafu, daftari lilisahaulika kwenye droo. Ndivyo nilivyokuambia, ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Yule aliyenunua alikuwa na haraka, nasi tulikuwa na haraka. Baada ya mwezi akaanza kuzunguka mitaani nalo kwapani. Anagonga mlango, anasoma: wewe ulichukua kanda namba fulani, hukurudisha, unadaiwa. Angekomea kwenye deni ningesema ni biashara. Lakini jioni alikaa barazani akawa anasoma kwa sauti nani alikodi nini, na watu wanacheka. Yupo mwalimu mmoja wa madrasa, sikutajii jina lake ingawa unamjua, ambaye alikuwa akikemea picha za Kihindi mbele ya watu. Yeye alikuwa akija saa mbili usiku anachukua mbili mbili, nami namfungia kwenye gazeti. Mkewe alikuwa mgonjwa miaka ile, hawezi kutoka kitandani, na picha za Kihindi ndizo zilizokuwa zikimliwaza. Mtu yule alikuwa anamkodia mkewe. Nani barazani alilijua hilo? Daftari halikuandika hilo. Liliandika jina lake na namba ya kanda tu.

Aliacha kusali msikiti wa karibu, akawa anakwenda wa mbali. Tukikutana ananijibu salamu, lakini anaijibia chini.

Yule mnunuzi alitoa shilingi elfu ishirini juu ya bei tuliyokubaliana. Alisema ni za "wadaiwa". Mwaka ule ndio ulioingia kidato cha kwanza, na ada ya mwaka ya shule ya kutwa ilikuwa elfu ishirini. Utakumbuka ulilipa siku ya kwanza kabisa, wenzako wakarudishwa nyumbani.

Basi itoe hiyo diski.

Umeniambia mnunuzi anataka mashine kamili, kwamba bila diski haiwaki, na kwamba kumbukumbu zile ni sehemu ya historia ya mashine. Hilo la kwanza nalielewa. Nunua diski mpya, hamishia programu zinazoendesha mkono na skrini, ile ya zamani ibaki kwako. Wewe ni fundi, huwezi kuniambia haiwezekani wakati umeifanya mashine iamini bado ina kampuni. Na usiniambie utafuta tu. Picha za arusi ya Mwanaidi tulizifuta kwenye simu sisi wenyewe, nawe ukaturudishia zote kwa siku moja. Kilichofutwa na wewe kitarudishwa na mwingine. Itoboe kwa drili, katikati na pembeni.

Hilo la pili, la historia, sikubaliani nalo hata kidogo. Historia ya mashine ni ule mkanda uliokauka, ni rangi nyekundu iliyofifia upande uliopigwa jua, ni ule mkwaruzo kwenye skrini pale mahali ambapo kila mtu alikuwa anabonyeza. Hayo yaache, na nimefurahi kwamba hukuipaka rangi mpya yote. Lakini yule aliyekodi katuni mara kumi na moja hakuwa anatengeneza historia yako. Huenda ana mtoto asiyelala bila katuni hiyo. Huenda mtoto mwenyewe sasa ni mkubwa. Alisimama nje ya duka, pengine kwenye baridi, akatoa kadi yake, akaamini kwamba baina yake na lile sanduku hakuna mtu wa tatu. Wa tatu umekuwa wewe. Usimwongeze wa nne.

Njiani uwe na hadhari. Ulisema ile barabara ya milimani kuelekea Tennessee, namba 40, ndiyo iliyobomolewa na mafuriko ya kimbunga Helene mwaka 2024. Usipite usiku ukiwa na trela. Na usiinue ile mashine na mtu mmoja. Umesema ina uzito wa watu watano, basi watafute watu watano. Mgongo wa baba yako uliharibikia kwenye friji. Kula kabla ya kutoka.

Fedha ya mauzo usinunulie mashine nyingine kabla hujalipa kodi ya nyumba. Sikusemi, nakuomba. Tatu zinatosha kwenye gereji ambayo si yako.

Zile kanda zetu zilizobaki stoo nimezitoa juani wiki iliyopita, zimefika 63. Chumvi ya bahari imekula skrubu, na nyingi zimeota ukungu mweupe pembezoni mwa utepe. Nimefungua moja kwa bisibisi ndogo, skrubu tano kama kawaida, nikaufuta utepe nusu nzima kwa mkono huku Mwanaidi akizungusha. Imechukua toka adhuhuri mpaka alasiri. Deki ikaikubali dakika chache, kisha ikaitafuna. Kwa hiyo ukiniuliza kama najua kazi ya kufufua vitu, najua, na najua inavyomshika mtu mpaka asione kingine. Ukitaka nikutumie kasha tupu chache zenye karatasi za baba yako alizoandika kwa kalamu, niambie, kuna mtu anasafiri mwezi ujao. Daftari mimi sina. Lilikwisha huko lilikokwisha.

Bati la upande wa jikoni limeanza kuvuja tena, pale pale. Fundi anataka kubadilisha mabati manne, mimi naona mawili yanatosha. Ukipata nafasi nitumie ya mawili, mengine tutaona baada ya mvua. Friji imepona, ilikuwa ni mpira wa mlango tu. Kuku jike wa Mwanaidi kaangua tisa, kicheche kachukua wawili. Mwembe umezaa mpaka tawi la upande wa Bi Zuhura limeinama ukutani, nimemwambia achume yote ya kwake. Kijana wa Mwanaidi anauliza kama mashine yako ina katuni na kama ukiiacha Tanga itamtambua. Nimemwambia huku umeme ni wa volti 230 na ya kwenu ni ya 120, akaniuliza kwa hiyo haitamtambua? Umjibu wewe, mimi nimeshindwa.

Jumamosi kabla hujafunga mlango wa trela nipigie kwa video. Usinionyeshe mashine, nimeshaiona. Nataka uishike ile diski mkononi niyaone matundu ya drili. Kwenu itakuwa asubuhi, kwetu jua limeshapinduka, na simu nitakuwa nimeichaji.

Mama yako