Petroli ya bei ghali haiipi boda nguvu

Mhariri,

Boda ikifika kwenye pampu, swali linalozoeleka ni: "Nikuwekee super ama ile ya nguvu?" "Ile ya nguvu" ni petroli ya bei ya juu yenye namba kubwa ya oktani, na neno hilo "nguvu" ndilo linalowatoa watu pesa bure.

Oktani haipimi nguvu ya mafuta. Inapima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na kupata joto ndani ya silinda bila kujiwakia kabla ya moto wa plagi kuifikia. Lita ya oktani 91 na lita ya oktani 98 zikiungua hutoa joto linalokaribiana sana. Injini inayobana sana ndiyo inayodai namba kubwa. Isiyobana sana haina kazi nayo.

Boda zetu nyingi, za cc 100 hadi 150 zinazopozwa na upepo, hubana hewa na petroli mara 9 hadi 10 hivi. Zinatosheka na petroli ya kawaida, ambayo katika bei za kila mwezi za EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, huitwa super (jina hilo nalo limewachanganya wengi). Isitoshe, CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) ya pikipiki hizi huwasha plagi kwa mpangilio uliowekwa kiwandani. Gari la kisasa huwa na sensa ya kusikia injini ikigonga, na likipata oktani ya juu laweza kuwahisha moto kidogo. Pikipiki kama Boxer ya kabureta haina sensa hiyo. Ukiitilia petroli ya bei ya juu, haijui.

Tufanye hesabu. Ikiwa tofauti ya bei ni shilingi 15 kwa lita na boda inakunywa lita 4 kwa siku, kwa siku 26 hizo ni shilingi 1,560. Pesa hizo zinunue oili, plagi na filta ya hewa, na injini itashukuru.

Wapo wanaohitaji oktani ya juu. KTM 390 Duke hubana zaidi ya mara 12, na pikipiki za mashindano za cc 1000 hufika 13. Wenye hizo wafuate kitabu cha pikipiki au kibandiko kilicho karibu na kifuniko cha tenki, tena waangalie namba imepimwa vipi. Marekani hupima kwa njia nyingine: 87 ya kule ni kama 91 au 92 ya RON, kipimo kinachotumika hapa. Anayesoma kwenye mtandao wa Kimarekani kwamba "91 ni ya bei ya juu" asidhani ndiyo 91 yetu.

Kuna wanaobadili petroli kwa sababu injini inagonga: mlio kama wa sarafu ndani ya kopo, hasa ukipanda mlima kwa gia kubwa huku umefungua akseleta yote. Kwanza shusha gia. Mlio ukibaki, ng'oa plagi uitazame. Ncha ya kahawia iliyopauka ni salama. Ikiwa nyeupe na ina vipele, injini inachemka au petroli inayoingia ni kidogo: angalia jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyoziba na mahali kabureta inapovuta hewa ya wizi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, anza na filta ya hewa. Pikipiki iliyokula masizi kwa miaka huwa imerundika kaboni juu ya pistoni, nafasi imepungua, na sasa inabana kuliko ilivyoumbwa. Dawa ni kufungua kichwa, kukwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki (bisibisi huchimba alumini) na kufunga kwa gasketi mpya. Ukiwa hapo, pima valvu. Nyingi hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.10, injini ikiwa baridi.

Adui mkubwa wa boda ni mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani ya petroli. Mwaka 2018 serikali iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuukata mchezo huo, lakini petroli ya chupa kando ya barabara haina mlinzi. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, ndiyo maana injini huanza kugonga, moshi huongezeka na asubuhi pikipiki hukataa kuwaka. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, lisubiri likauke kivulini. Petroli safi hupotea. Yenye mafuta ya taa au dizeli huacha doa la mafuta. Uchanganyaji mdogo waweza kukiponyoka kipimo hiki, kwa hiyo nunua pale unapopewa risiti.

Ukishatiliwa petroli mbaya, usijaribu kuirekebisha kwa kuongeza ya bei ghali juu yake. Mwaga tenki lote, kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge kwenye chupa inayoonyesha; maji, kama yamo, yatakaa chini. Safisha plagi. Halafu fungua kifuniko cha oili unuse, kwa kuwa mafuta ya taa yasiyoungua hupenya kwenye ringi na kuifanya oili kuwa nyepesi. Ukisikia harufu yake, badilisha oili siku hiyohiyo, hata kama uliitia juzi.

Fundi wa pikipiki,
Nakuru