Shelisheli na watoto: mnapunguza wapi

Mama Rukia mpenzi,

Salamu nyingi, na baba watoto nisalimie sana. Huku sote wazima. Ratiba yenu nimeisoma: mfikie kisiwa cha Mahé, mvuke kisiwa cha Praslin, mlale kile cha La Digue, kisha mrudi Mahé kwenye hoteli nyingine tena, na watoto watatu mkononi. Halafu unaniuliza mpunguze gharama wapi! Nakujibu bila kuzunguka, maana mimi na wewe tumetoka mbali. Usianze na chakula. Shelisheli ni ghali, hilo habishi mtu, lakini kinachokamua mfuko ni kuhamahama. Kila mkifunga masanduku kuna boti, kuna teksi ya kwenda gatini na nyingine ya kutoka gatini, na nusu ya siku imekatika bila mtoto hata kulowa miguu.

Kwa hiyo futa hoteli mbili. Kaeni Mahé siku nyingi, Praslin siku chache, basi. La Digue mtaiendea kutoka Praslin asubuhi na kurudi jioni. Kuvuka ni kama robo saa tu. Boti ya Mahé na Praslin ndiyo yenye bei, kiasi cha saa nzima baharini, na mgeni analipa zaidi ya mwenyeji. Hiyo ipandeni mara moja kwenda na mara moja kurudi, isizidi. Na wewe unayetapika kwenye maji matulivu, usiipande na tumbo tupu.

Sasa habari ya majira, kwa sababu hapa ndipo watu wa mawakala wanapokunyamazia. Pepo za kule ni hizihizi zetu. Kusi inavuma tangu Mei hadi Septemba, bahari inachafuka, na mwani unasukumwa ufuoni upande wa kusini-mashariki. Kaskazi inaleta mvua nyingi zaidi, hasa Desemba na Januari, na Krismasi bei zinapaa. Nzuri ni maleleji, Aprili au Oktoba na Novemba: bahari imelala, maji yako wazi mpaka unahesabu mawe chini. Likizo ya watoto ya Aprili ingewafaa kabisa, mradi mkwepe wiki ya Pasaka. Ikiwa ni lazima iwe Agosti, nendeni, ila mchague nyumba kwa kuangalia upepo, si kwa kuangalia picha. Beau Vallon kule Mahé imekingwa na kusi, watoto wataoga bila wasiwasi. Kaskazi ikivuma ndipo mawimbi yanapoingia. Praslin nayo, wakati wa kusi ukiona nyumba ya bei rahisi upande wa Grand Anse, jua mwani unakungoja mlangoni. Mkae Côte d'Or. Hizo nyumba za picha nzuri na bei ya chini mwezi wa Julai zina sababu yake.

Nyumba, basi. Achana na mahoteli makubwa. Tafuta nyumba ya wageni yenye jiko, ndogo, iliyo karibu na kituo cha basi na ufuo unaofikika kwa miguu. Jiko ndilo litakalowaokoa, kwa sababu watoto wako kifungua kinywa wanakula mara mbili, nawajua. Kuna na jambo jingine wasiloliandika kwa herufi kubwa: tangu Agosti 2023 kila mgeni hutozwa tozo ya mazingira kwa kila usiku, na kiwango kinafuata ukubwa wa mahali ulipolala. Penye udogo ni rupia 25 kwa kichwa, pa kati 75, pakubwa 100. Watoto wa chini ya miaka 12 hawalipi. Nyinyi wawili kwenye nyumba ndogo ni rupia 50 kwa usiku. Kwenye hoteli kubwa ni 200, na hapo hamjanywa hata maji. Ukiuliza bei, uliza pia kama kodi imo. Wengine wanakutajia kwa yuro, bei tupu, halafu mengine yanaibuka siku ya kuondoka.

Na usidanganywe na mtu atakayekwambia ana chumba cha ziada kwa jamaa yake. Kuingia kule nyinyi hamhitaji viza, lakini kila mmoja wenu, hata yule mdogo, lazima aombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege, na wanataka kuona tiketi ya kurudi na mahali pa kulala penye leseni. Ombeni wenyewe kwenye tovuti ya serikali. Kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo kama pacha, na zinatoza zaidi kwa kazi ileile. Vyeti vya homa ya manjano msivisahau, kwa kuwa mnatoka huku.

Chakula, sasa. Karibu kila kilicho dukani kimekuja kwa meli, kwa hiyo jibini, maji ya chupa, biskuti na maziwa vitakushtua. Cha kwao ni samaki, na samaki ndiye wa kumfuata. Pale Beau Vallon mashua zikirudi, watu hawasubiri ziegeshwe vizuri. Utaona vibua wametungwa kwa kamba kupitia mashavuni, mtungo mzima unaning'inia kwenye tawi au umelazwa juu ya meza ya mbao yenye maji ya chumvi, macho bado yanang'aa. Unanunua mtungo, huchagui mmojammoja. Simama nyuma ya bibi wa palepale, tazama anachochukua na anachokipungia mkono, kisha ufuate. Mimi nilikuwa nawaparua palepale kwenye mchanga, magamba yanaruka, nikiingia jikoni sina kazi ila kukaanga. Mjini Victoria kuna soko la Sir Selwyn Selwyn-Clarke, la tangu mwaka 1840, na Jumamosi asubuhi ndiyo siku yake: samaki wekundu waitwao bourgeois, ndizi, papai, maembe, bizari za kila aina. Nyangenyange weupe wanatembea kati ya meza za samaki kama wamelipia kodi. Vikavu kama mchele na mafuta chukueni duka la STC, la serikali, badala ya vile viduka vya karibu na mahoteli.

Siku mtakayochoka kupika, msiingie mgahawani. Nendeni kwenye vile vidirisha vinavyouza chakula cha kubeba, wanakokula wafanyakazi saa sita. Boksi linajazwa wali mpaka kifuniko kinakataa, juu yake mchuzi wa samaki wa nazi, dengu, na kachumbari ya papai bichi. Moja linatosha watoto wawili. Nendeni mapema, ikifika saa nane vimebaki vipande vya kuku na pole. Jumatano jioni kuna soko la ufuoni Beau Vallon, Bazar Labrin, samaki wa kuchoma na mashelisheli ya kukaanga, na kelele mtakazozipenda. Ile nyama ya vibanda uliza kwanza ni ya nini. Samaki hana shaka.

Usafiri wa Mahé ni mabasi ya umma ya SPTC. Nauli haiangalii umbali. Ukienda kituo kinachofuata au ukivuka kisiwa kizima, ni ileile, na hata ukiwalipia nyote watano haifikii teksi ya safari fupi. Yanapanda milima kwa fujo kidogo, shikilia mtoto. Masanduku hawayataki, kwa hiyo siku ya kufika na ya kuondoka teksi ni lazima. Patana na mwenye nyumba mapema, mara nyingi anaye mtu wake. Usiku mabasi ni ya kutafuta kwa tochi. Ukitaka fuo za kusini, Takamaka na kwingineko, kodini gari siku moja au mbili na mzimalize zote. Wanaendesha kushoto kama sisi, ila barabara ni nyembamba na pembeni kuna mtaro usio na huruma. Gari la wiki nzima la nini? Litalala nje ya nyumba mkilipa.

Bahari yenyewe haina tiketi. Fuo zote ni za umma, hata zilizo mbele ya hoteli za kifalme, kwa hiyo usimlipe mtu kwa kulala karibu na maji ambayo unaweza kuyafikia kwa basi. Anse Lazio kule Praslin, basi linawashusha Anse Boudin, kisha mnapanda kilima na kushuka upande wa pili. Anse Georgette njia inapita ndani ya hoteli. Mnapiga simu kabla, mnaruhusiwa. Mahé, shukeni Bel Ombre mtembee kama saa moja mpaka Anse Major, njia ya majabali, gari halifiki. Bebeni maji ya kutosha, njia ina jua kali.

Pa kulipia papo, na hapo msibane. La Digue kodini baiskeli pale gatini La Passe, zenye kiti cha mtoto zipo. Anse Source d'Argent mnaingia kupitia shamba la L'Union, kwa kiingilio, na thamani yake mtaiona: yale mawe makubwa ya rangi ya waridi, maji ya magotini nyuma ya mwamba, watoto wanaweza kushinda humo. Angalieni maji. Yakijaa, mchanga unabaki ukanda tu na mtakaa mmebanana na wageni wenzenu. Yakipwa pana nafasi. Kobe wakubwa mtawakuta hata njiani kuelekea Anse Sévère, bure. Grand Anse ya La Digue nendeni mkaangalie, lakini kuogelea hapana. Mkondo wa pale si mchezo.

Kwa minazi ya coco de mer, wote wanakimbilia Vallée de Mai, msitu ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983. Ni mzuri kweli, kivuli chake kizito. Lakini kiingilio kwa familia kinauma. Pale Praslin kuna pia Fond Ferdinand, pakubwa zaidi, pa nafuu, minazi ileile, na mnatembezwa na mwongozaji. Kuna ngazi nyingi za kupanda. Yule mdogo atataka kubebwa, baba yake ajiandae. Ile nazi yenyewe msinunue. Inataka kibali cha kuitoa nchini, na bei yake mngelala usiku kadhaa. Umbo lake mtagongewa kwenye pasipoti uwanja wa ndege, watoto wangu walipigania kuonyeshana.

Kutoka nyumbani bebeni miwani ya kuogelea, kofia, mafuta ya jua, dawa za watoto na nepi. Kule vyote vipo, kwa bei ya kukufanya ucheke. Matunda, mbegu na nyama acheni, wanakagua. Fedha badilisheni benki, na dukani lipeni rupia.

Nitumie tarehe zenu kabla hujalipia nyumba, nikuangalizie upepo na saa za boti. Na ile namba ya mama mwenye nyumba tuliyokaa Beau Vallon bado ninayo. Nitamwandikia leo, ukikubali, maana vyumba vyake ni vichache na Aprili hujaa haraka. Rukia mwambie aendelee kujifunza kuogelea, asije akakaa na mimi mchangani.

Wasalaam,
Shoga yako