Mbegu zako zilikuwa nzima

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nimwombe radhi mtu mbele ya watu, maana nilimfokea mbele ya watu.

Ni baba mmoja anayeuza mbegu sokoni. Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa tano, nilinunua kwake pakiti mbili za mbegu za tomati. Nikazipanda kwenye tuta hapa kwetu Katuba, nikamwagilia asubuhi na jioni. Siku 20 zikapita, hakuna kilichochungulia. Nikamwendea, nikamwambia ananiuzia mbegu zilizokufa. Alijibu maneno mawili tu: "Mama, baridi." Sikumsikiliza.

Nyumbani kulikuwa na mbegu chache zilizobaki ndani ya pakiti. Binti yangu akazifunga katika kitambaa kibichi, akakiweka kwenye rafu karibu na mbabula, jiko la makaa tunapopikia bukari (ugali). Siku ya tano akanifungulia. Karibu kila mbegu ilikuwa imetoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi. Niliona haya.

Sisi wa Lubumbashi baridi ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua kwa blanketi na makoti ya watoto, tunasahau kwamba tomati nayo inaisikia. Usiku digrii zinaweza kushuka chini ya 10, na mbegu hii hupenda udongo wenye digrii 20 hadi 30. Kabichi huvumilia, tomati, pilipili na biringanya haziwezi. Na ukingoja joto la mwezi wa tisa ndipo uoteshe, matunda yatakutwa na mvua, na mvua huleta ugonjwa unaounguza majani. Halafu tunakaa kusubiri tomati za Zambia zipite mpakani Kasumbalesa.

Basi mume wangu alinijengea kibanda cha kuoteshea miche: miti sita na plastiki inayopitisha mwanga, urefu hatua tatu. Kimeegemea ukuta wa matofali ya kuchoma upande wa kaskazini wa nyumba, kwa sababu miezi ya baridi jua letu hupitia kaskazini. Matofali hunywa joto mchana, usiku huyatoa polepole. Ndani nimepanga bidoni nne za maji, za lita 20, zinazofanya kazi hiyohiyo. Udongo nachukua kwenye kichuguu, nachanganya na mchanga wa mto na mbolea ya kuku iliyooza mpaka haina harufu. Udongo wa kichuguu peke yake hukauka kama saruji. Wa kuokota popote siutaki kabisa: mji huu umeyeyusha shaba tangu 1911, na kuna mahali ambapo udongo haufai kuotesha chakula cha mtoto.

Ila jambo ninalotaka kina mama wenzangu walishike ni mlango. Jumapili moja misa ilichelewa kwisha. Nilirudi nikakuta kibanda bado kimefungwa, plastiki inatiririka maji kwa ndani, miche imelala kama mboga iliyotolewa chunguni. Nililia. Tangu siku ile, saa tatu asubuhi kibanda kinafunguliwa, saa kumi kinafungwa. Hata tukienda msibani, mtoto mmoja anabaki. Maji ni asubuhi tu. Ukimwagilia jioni, miche inalala na unyevu, shina linakonda pale linapotoka udongoni, linakuwa jeusi kama limefinywa na kucha, na mche unaanguka. Ukiuona mmoja hivyo, ng'oa pamoja na udongo wake, ukautupe mbali.

Juma la mwisho kabla ya kuhamishia miche shambani, naizoesha nje: kivulini kwanza, kisha nusu siku juani, mpaka inalala nje. Mwezi wa kumi tulichuma tomati ndobo (ndoo) 11, mvua haijaanza.

Yule baba nimemtafuta sokoni mara tatu, naambiwa amehama. Baba, ukisoma barua hii, mbegu zako zilikuwa nzima, na mimi nilikuonea. Sasa ni mwezi wa tano tena, kibanda kimeshapata plastiki mpya. Ndobo ya kwanza mwaka huu ni yako, uje uichukue.

Mama mkulima,
Katuba, Lubumbashi